Bomba, dohani na lori: jinsi Uingereza inavyodhibiti taka za mionzi za Sellafield

Taka za mionzi zina tabia moja inayozitenga na taka nyingine zote: hakuna moto unaozimaliza wala dawa inayoziua. Choma nguo zenye sesiamu, na sesiamu yote itabaki kwenye majivu na moshi. Chuja maji yenye sesiamu, nayo itahamia kwenye chujio. Kinachoipunguza ni muda peke yake, na muda huo hauna haraka: sesiamu-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30, ilhali tekneti-99 huhitaji zaidi ya miaka 200,000. Kwa hiyo swali linalomfikia mdhibiti wa mazingira ni zikae wapi: baharini, hewani, ndani ya tangi, chini ya ardhi, au zipite karibu na mwili wa mfanyakazi anayezihamisha. Kila jibu lina anayelipa.

Mahali pa kujifunza jambo hili ni Sellafield, kwenye pwani ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa England. Kazi ilianza hapo mwaka 1947 kwa ajili ya plutoni ya mabomu. Mwaka 1956 kikaja kituo cha umeme cha Calder Hall. Kwa miongo kadhaa, mafuta ya nyuklia yaliyotumika yaliyeyushwa humo kwa asidi ili kuzitoa urani na plutoni kutoka kwenye uchafu. Kiwanda cha THORP kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2018, na kile cha mafuta ya aina ya Magnox mwaka 2022. Iliyobaki ni kazi ya usafi, na usafi huo utachukua muda mrefu kuliko uzalishaji wenyewe.

Wakubwa wawili wa eneo moja

Eneo la nyuklia nchini England lina wadhibiti wawili, na wengi huwachanganya. Wa kwanza ni Ofisi ya Udhibiti wa Nyuklia, ONR, inayotoa leseni chini ya sheria ya mitambo ya nyuklia ya mwaka 1965. Leseni hiyo ina masharti 36. Sharti la 32 linahusu taka zinazolimbikizwa, la 34 uvujaji, la 35 ubomoaji wa mitambo iliyostaafu. Wa pili ni Wakala wa Mazingira, ulioanza kazi mwaka 1996, unaotoa kibali cha kutupa taka chini ya kanuni za vibali vya mazingira za mwaka 2016. Wales na Uskoti zina mamlaka zao za mazingira.

Mpaka kati ya leseni na kibali uko kwenye neno moja: kutupa. Kisheria neno hilo ni pana. Maji yanayopita kwenye bomba kwenda baharini yanatupwa. Hewa inayotoka kwenye dohani inatupwa. Kontena linalopakiwa kwenye lori kwenda kuzikwa linatupwa. Taka zikiwa bado ndani ya tangi au ghala, mwenye kauli ni ONR. Zikianza safari ya kutoka, Wakala wa Mazingira ndio wenye kauli. Mpaka huo unaonekana safi kwenye karatasi tu. Ukilibana bomba, tangi linajaa; ukilipunguza tangi, bomba au dohani inapokea. Ndiyo maana wadhibiti hao wana makubaliano ya kazi, hukagua pamoja, na hupelekeana rasimu kabla ya kuamua.

Saa za wakaguzi hulipiwa na mwendeshaji. Tangu mwaka 2005 Sellafield ni mali ya taasisi ya umma inayosimamia ubomoaji wa mitambo ya nyuklia, hivyo hata faini ya mahakama hutoka kwa mlipa kodi na kurudi hazina. Wenye ulimi mkali hawajachoka kulisema hilo.

Taka zenyewe hugawanywa kwa nguvu na joto. Za kiwango cha chini haziruhusiwi kuvuka gigabekereli 4 za mionzi ya alfa kwa tani moja, au 12 za beta na gama. (Bekereli moja ni kiini kimoja kinachovunjika kwa sekunde, gigabekereli ni bilioni moja ya hizo.) Zinazovuka hapo lakini hazitoi joto la kuhesabika ni za kiwango cha kati. Za kiwango cha juu hutoa joto kiasi kwamba ghala lenyewe lazima lisanifiwe kulibeba. Hizo huyeyushwa pamoja na kioo na kumiminwa kwenye makopo ya chuma kisichoshika kutu. Kwa ujazo, zaidi ya asilimia 90 ya taka za Uingereza ni za kiwango cha chini. Kwa mionzi, karibu yote imo kwenye kile kidogo kilichobaki.

Hesabu ya mla kamba

Anayeomba kibali huorodhesha kila mkondo wa taka: unatoka jengo gani, una viini gani vya mionzi, kiasi gani kwa mwaka, na unaishia wapi. Kisha hukokotoa dozi, yaani kiasi cha mionzi kinachoupata mwili, kwa yule anayeitwa mtu wakilishi, yaani mfano wa watu wachache ambao maisha yao huwaweka karibu zaidi na taka hizo. Wastani wa mkazi wa kawaida hautoshi, kwa sababu wastani huwaficha wale wachache.

Mtu huyo hatafutwi ofisini. Wapimaji huenda vijijini na bandarini kuuliza watu wanakula kilo ngapi za kaa, kome na samaki kwa mwaka, wanakaa saa ngapi kwenye matope ya mlangobahari, ng'ombe wanalisha wapi, nani anakula mboga za bustani yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 hesabu hii ilileta jibu la ajabu. Waliokuwa wakipata dozi kubwa kutokana na bomba la baharini la Sellafield waliishi Wales Kusini, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mwani ulivunwa Cumbria, ukasafirishwa kwa treni, na huko ukapikwa chakula cha kienyeji kinachopendwa sana. Mwani hunyonya rutheni-106, na waliokula sana ndio waliobeba mzigo. Vikomo vya utupaji viliwekwa kwa kuwaangalia wao. Uvunaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtu wakilishi akabadilika, akawa mla samaki na kome wa pwani ile ile.

Hesabu yenyewe si ngumu: bekereli kwa kilo, mara kilo zinazoliwa, mara kipimo cha madhara cha kiini husika. Tuseme kamba wakubwa wenye magando wana bekereli 10,000 za tekneti-99 kwa kilo, na mtu anakula kilo 10 kwa mwaka. Kipimo cha tekneti kwa mtu mzima ni siveti 0.00000000064 kwa kila bekereli inayomezwa. (Siveti ni kizio cha dozi, milisiveti ni sehemu yake ya elfu.) Jibu ni milisiveti 0.064. Kikomo cha umma kwa mwaka ni milisiveti 1 kutoka vyanzo vyote vinavyodhibitiwa. Ndani ya hiyo, chanzo kimoja hakitakiwi kupangiwa zaidi ya 0.3, wala eneo zima zaidi ya 0.5. Mkazi wa Uingereza hupata wastani wa milisiveti 2.7 kwa mwaka, takriban nusu yake ikiwa gesi ya radoni inayotoka ardhini.

Sasa badilisha kiini. Poloni-210 ina kipimo cha siveti 0.0000012 kwa bekereli, takriban mara 1,900 ya tekneti. Bekereli chache tu kwenye kome zinatosha kuipita tekneti ya kamba mzima. Kwenye pwani hii sehemu kubwa ya dozi ya walaji wakubwa wa vyakula vya baharini hutokana na poloni hiyo, ambayo haikutoka Sellafield. Ilitoka kwenye kiwanda cha kemikali cha Whitehaven, jirani tu, kilichokuwa kikisindika miamba ya fosfati hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Miamba ya fosfati huja na urani yake ya asili pamoja na ukoo wake wote wa viini, poloni ikiwemo. Wanaoijua fosfati ya Minjingu kule Manyara wanalifahamu hilo. Mdhibiti hujumlisha vyote viwili, kwa sababu mwili wa mlaji hauulizi bekereli imetoka kiwanda gani.

Kuwa chini ya kikomo hakutoshi

Hapa ndipo wasiozoea udhibiti hupotea. Kibali cha Sellafield kina vikomo vya mwaka kwa viini mbalimbali, na chini ya vikomo hivyo kuna viwango vya tahadhari vya robo mwaka ambavyo vikivukwa lazima mwendeshaji atoe taarifa na maelezo. Lakini kuna sharti jingine lenye uzito zaidi: kutumia mbinu bora zinazopatikana ili kupunguza kinachozalishwa na kinachotupwa. Mwendeshaji anaweza kuwa chini ya kikomo kwa mbali na bado akawa amekiuka kibali, kwa kutobadilisha chujio lililochoka au kwa kuzimwaga taka ambazo angeweza kuzigandisha. Kwenye neno "bora" kuna gharama pia. Hakuna anayelazimishwa kutumia fedha nyingi kupita kiasi kwa kupunguza dozi ya kiduchu, ila ni lazima aonyeshe hesabu yake.

Miaka ya 1970 inaonyesha umuhimu wake. Mafuta ya Magnox yamefunikwa kwa aloi ya magnesi, ambayo huliwa na maji. Kazi ya kuyeyusha ilipochelewa, mafuta yalikaa kwenye mabwawa kupita muda wake, maganda yakaoza, na sesiamu ikaingia majini. Mwaka 1975 peke yake terabekereli zipatazo 5,200 za sesiamu-137 zilipelekwa baharini. Terabekereli moja ni gigabekereli 1,000. Mwaka 1985 kikafunguliwa kiwanda cha SIXEP, kinachopitisha maji ya mabwawa kwenye vichujio vya mchanga na kisha kwenye madini ya zeolaiti yanayonasa sesiamu na stronti. Utupaji ukashuka ghafla. Zeolaiti iliyoshiba sesiamu, nayo, ikalazimika kuhifadhiwa matangini kama taka ya kiwango cha kati. Bahari ilipumua, tangi likabeba.

Kisa cha tekneti kina utata zaidi. Uyeyushaji wa Magnox ulizalisha maji mazito yenye plutoni, na tangu mwaka 1981 maji hayo yaliwekwa kwenye matangi yakisubiri njia ya kuyasafisha. Njia ilipatikana mwaka 1994: kiwanda cha EARP, kinachotumia chuma kufanya plutoni igande na kuzama. Kilifanya kazi yake vizuri. Tekneti, hata hivyo, imo majini katika umbo linaloyeyuka kama chumvi, haigandi na chuma, hivyo ilipita moja kwa moja. Utupaji wake ukapanda kutoka terabekereli chache hadi karibu 190 mwaka 1995. Kikomo kilikuwa 200. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Kamba hukusanya tekneti kuliko viumbe wengi, na mkondo wa bahari huipeleka kaskazini. Norway na Ireland zikalalamika kwa nguvu. Dozi ilikuwa ndogo, kama hesabu ya hapo juu inavyoonyesha, lakini wavuvi wa Norway walikuwa wanauza jina la bahari safi, na hilo halipimwi kwa milisiveti. Kwa nini basi kiwanda hakikufungwa? Kwa sababu matangi yalikuwa yamezeeka, na wakaguzi wa usalama hawakutaka maji yenye plutoni yaendelee kukaa humo. Tangi kuukuu likipasuka, hasara ni kubwa kuliko tekneti yote iliyomo baharini.

Kikomo kilishushwa hadi 90 mwaka 2000. Kisha ikajaribiwa dawa inayoitwa kwa kifupi TPP, inayoishika tekneti na kuifanya igande pamoja na chuma. Wasiwasi ukahamia mahali pengine: tope hilo likichanganywa na saruji kwenye pipa, je, ukali wa saruji hautaivunja TPP na kuiachia tekneti ndani ya kaburi la baadaye? Baada ya majaribio ya mwaka 2003 njia hiyo ilikubaliwa, na maji mapya ya aina hiyo yakaelekezwa kwenye kioo badala ya bahari. Utupaji ukashuka chini ya terabekereli 10.

Kupima, na pale vipimo vinapodanganya

Kibali hakina maana bila kipimo. Kwenye bomba la baharini, maji hukusanywa kwanza matangini, hupimwa, ndipo huachiwa. Sampuli ya pili huchukuliwa njiani kwa uwiano na kasi ya maji. Kwenye dohani kazi ni ngumu zaidi. Mdomo wa bomba la sampuli lazima uvute hewa kwa kasi ile ile inayopita dohanini, la sivyo matokeo hupotoka: ukivuta kwa kasi zaidi, vumbi zito hukosa kuingia na matokeo hutoka madogo kuliko ukweli. Bomba lenye kona nyingi hunasa vumbi kabla halijafika kwenye karatasi ya chujio. Unyevu ukiganda ndani, karatasi huziba. Tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, ambayo huwa katika mvuke, hupita kwenye karatasi kana kwamba haipo, hivyo hewa hupitishwa kwenye chupa za maji ili inaswe. Kifaa kikizimika, kipindi hicho hakiandikwi sifuri. Kinakadiriwa kwa kuegemea upande wa juu.

Mwendeshaji hupima mwenyewe. Mdhibiti naye huchukua sampuli zake za maji, maziwa, samaki, matope na mwani, na kuzipeleka maabara nyingine. Matokeo ya nchi nzima huchapishwa kila mwaka katika ripoti ya pamoja ya mamlaka za mazingira na za chakula. Namba mbili zikipishana, ndipo maswali huanza.

Makosa makubwa ya Sellafield, hata hivyo, hayakuanzia kwenye kifaa kimoja kibovu. Novemba 1983 tangi lenye uchafu mkali lilimwagwa baharini. Lilipokuwa likikabidhiwa kutoka zamu moja hadi nyingine, maelezo ya kilichomo yalibadilika kidogo kidogo kwenye daftari, hadi uchafu mkali ukasomeka kama maji ya kawaida ya kutupwa. Watu walishauriwa kuepuka fukwe za karibu kwa miezi. Mwaka 1985 kampuni iliyoendesha eneo hilo wakati huo, BNFL, ilitozwa faini ya pauni 10,000.

Mwaka 2005 ikawa THORP. Tangi la kupimia uzito lilikuwa limening'inizwa, likitikisika kila lilipofanya kazi, na shingo ya bomba lake ikachoka hadi ikakatika. Mita za ujazo 83 za asidi, zenye takriban tani 20 za urani na kilo 160 za plutoni, zilimwagikia chini ya chumba cha zege kilichotandikwa chuma kisichoshika kutu. Hakuna kilichotoka nje. Kilichowaudhi wakaguzi ni muda: uvujaji ulianza mwaka 2004, sampuli kutoka kisima cha chini zilionyesha urani miezi kadhaa kabla, lakini walioziona hawakuamini kwamba chumba kipya namna ile kingeweza kuvuja. Hesabu ya urani na plutoni ndiyo iliyokataa kulingana. Faini: pauni 500,000. Kwa kuwa ukuta wa mwisho ulishika, mashtaka yalikuwa ya upande wa leseni.

Kisa cha dampo la Lillyhall cha mwaka 2010 kilikuwa kidogo kwa mionzi na kikubwa kwa somo. Mashine mpya ya kutenganisha mifuko ya taka ilikuwa imepangwa vibaya, ikaipitisha mifuko yenye mionzi kama taka za kawaida. Minne ikafika kwenye dampo hilo la kawaida, karibu na mji wa Workington. Kosa liligunduliwa wakati wa mafunzo ya kutumia mashine ile ile. Mwaka 2013 wadhibiti wote wawili walishtaki pamoja, na faini ikawa pauni 700,000, kubwa kuliko ile ya tani 20 za urani. Wadhibiti walijua kwamba mfumo mzima wa kupeleka taka hafifu kwenye madampo ya kawaida unasimama juu ya imani ya jirani wa dampo.

Drigg na ghala linalovuja

Kilomita chache kusini ya Sellafield, karibu na kijiji cha Drigg, kuna hifadhi ya taka za kiwango cha chini iliyofunguliwa mwaka 1959. Mwanzoni taka zilimwagwa kwenye mitaro na kufukiwa. Tangu mwaka 1988 zinawekwa kwenye kontena fupi za chuma, hujazwa saruji ya majimaji ili pasibaki uwazi, na kupangwa kwenye vyumba vya zege.

Hapo kibali hakiwezi kutegemea kupima peke yake, maana anayelindwa hajazaliwa. Mwendeshaji huandika hoja ya usalama wa mazingira na kuiandika upya kila baada ya miaka: mfuniko utaoza lini, maji yatafuata njia gani, mtu atakayechimba kisima bila kujua atapata nini. Kipimo cha mdhibiti baada ya hifadhi kufungwa ni uwezekano wa madhara usiozidi moja kwa milioni kwa mwaka. Hoja ya Drigg inakiri waziwazi kwamba bahari itaila pwani hiyo na kuifikia hifadhi, ndani ya mamia hadi maelfu machache ya miaka. Kibali kilitolewa pamoja na ungamo hilo. Kilichobanwa ni kinachoingia: viini vya maisha marefu vina ukomo kwa hifadhi nzima, na vitu vidogo vyenye mionzi mikali, ambavyo siku moja mpita ufukweni anaweza kuviokota na kuvitia mfukoni, vina masharti yake.

Ndani ya Sellafield kwenyewe kuna ghala la vyumba 22 lililojengwa kuanzia miaka ya 1960, lenye maganda ya magnesi yaliyozamishwa majini. Lilivuja miaka ya 1970, na tangu mwaka 2019 linavuja tena kwenda ardhini, takriban lita 2,100 kwa siku. Maji hayawezi kukaushwa tu: magnesi hutoa haidrojeni na joto, na maji ndiyo yanayoituliza. Ufa hauwezi kufikiwa, kwa kuwa uko chini ya ardhi nyuma ya taka zenyewe. Wadhibiti wamekubali kwamba dawa ni kuyatoa yote yaliyomo, kazi iliyoanza mwaka 2022 kwa mashine zinazotembea juu ya vyumba, zikichota na kujaza masanduku ya chuma ya mita za ujazo 3. Wakati huo huo visima vya uchunguzi vinaonyesha maji ya ardhini yanakokwenda, na kina cha maji ghalani kinashikiliwa chini kadiri inavyowezekana bila kuyaacha wazi maganda. Uvujaji unatarajiwa kuendelea hadi miaka ya 2050.